Dera Jekundu, Uso wa Zambarau: Maswali Yenu ya Kubadili Rangi za Picha

Karibu maswali yote ya safari hii yanahusu GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha iliyoanza mwaka 1995 mikononi mwa wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: Spencer Kimball na Peter Mattis. Majina ya menyu nayaacha kama yalivyo kwenye kioo cha kompyuta, maana nikiyatafsiri mtayatafuta hadi jioni.

Shikamoo fundi. Nauza madera mtandaoni. Nimepiga picha dera jekundu, nikataka kulionyesha na la buluu. Nimebadili rangi, dera limekuwa la buluu kweli, lakini uso wa dada aliyelivaa umekuwa zambarau! Nimekosea wapi?

Marahaba. Hujakosea sana, ila umemgeuza na mwenye nguo. Ukienda "Colors" kisha "Hue-Saturation", kile kitelezi cha "Hue" kinazungusha duara la rangi lenye nyuzi 360. Nyekundu iko 0, kijani 120, buluu 240. Sasa ngozi zetu, iwe maji ya kunde au nyeusi tii, kompyuta inaziona kama aina ya chungwa lililotiwa giza, na chungwa ni jirani wa mlango kwa mlango na nyekundu. Ukiisukuma nyekundu mpaka buluu, chungwa nalo linaburutwa mpaka zambarau. Hata ukiiambia programu iguse nyekundu peke yake, midomo na mashavu hayatasalimika.

Dawa ni kulitenga dera kwanza. Nakili leya (yaani tabaka) ya picha ili ya asili ibaki chini. Kwenye leya ya juu chukua "Free Select" (bonyeza F), lizungushie dera mstari, funga kwa Enter. Bofya leya hiyo kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Add Layer Mask", halafu "Selection"; hapo umeipa leya maski, yaani kifuniko kinachoamua sehemu gani ionekane. Kisha ondoa uteuzi, na kabla hujagusa rangi, bofya kijipicha cha leya yenyewe, si cha maski. Wengi hujikwaa hapo, wakabaki wanasukuma vitelezi bila kuona kitu. Badili "Hue" upendavyo. Pale rangi ilipomwagikia mkononi au shingoni, rudi kwenye maski upake nyeusi kwa brashi. Ilipopungua, paka nyeupe. Nyeusi inaficha, nyeupe inafichua. Ukiielewa maski, nusu ya GIMP umeshaimaliza.

Na hili hukuniuliza: kama dera la buluu huna stoo, waandikie wateja kwamba picha ni ya mfano.

Kaka, mimi natengeneza matangazo ya timu ya mtaani. Fulana nyeusi inakataa kuwa ya njano. Navuta "Hue" kushoto kulia, wapi!

Nyeusi haina rangi ya kuzungusha, ndugu yangu. Nyeupe na kijivu nazo vilevile. Tenga fulana kama nilivyoeleza juu, uifanye ipate mwanga kwa "Curves" mpaka iwe kijivu cha kati, ndipo uende "Colorize" na kuchagua njano. Jiandae kuona chengachenga, kwa sababu kwenye giza kamera haikunasa mengi. Kwa kweli ukiweza, mwambie mchezaji avae fulana nyeupe mpige picha upya. Nyeupe ni rahisi mno: ongeza leya mpya juu yake, jaza rangi sehemu ya fulana, geuza "Mode" iwe "Multiply". Mikunjo na vivuli vinabaki palepale.

Nimebadili rangi ya gari vizuri, ila pembeni kumebaki utepe mwembamba wa rangi ya zamani.

Chagua eneo upya. Nenda "Select", kisha "Grow" kwa pikseli moja, halafu "Feather" pikseli mbili, ndipo utengeneze maski. Sababu nyingine ni picha yenyewe. JPEG, aina ya faili la picha nyingi za simu, huhifadhi mwanga kwa makini kuliko rangi, hivyo rangi huvuja kidogo nje ya umbo lake. Picha iliyopita WhatsApp mara tatu ndiyo mbaya zaidi. Mwombe mwenye nayo akutumie kama dokumenti, si kama picha.

Nina picha ya babu ya nyeusi na nyeupe. Nikipaka rangi inatoka kijivu tu.

Nenda "Image", "Mode", uchague "RGB". Picha yako iko kwenye hali ya kijivu, na humo rangi haipo kabisa. Kisha ongeza leya mpya yenye "Mode" ya "HSL Color" na upake polepole, brashi ikiwa laini. Uso usiupake rangi moja: masikio na pua huwa na wekundu kidogo kuliko paji. Rangi ya kanzu au koti waulize wazee wa nyumbani kabla hujakisia.

Nikihifadhi kazi inakuwa faili la XCF na simu haifungui.

Ni sawa. "Save" hutunza leya zako kwa kesho. Ya kumtumia mtu inatoka kwa "Export As", ukiandika mwishoni .jpg au .png. Zitunze zote mbili.

Sina kompyuta, nina simu tu.

Fungua Photopea, tovuti ya kuhariri picha, kwenye kivinjari cha simu. Ina leya, maski na "Hue/Saturation", ingawa vitufe vinabanana na kidole kitakosea mara kwa mara. Picha haipandishwi mtandaoni, inashughulikiwa ndani ya simu yako, kwa hiyo bando linaliwa zaidi wakati ukurasa unafunguka. Ilaze simu upande, utapata nafasi ya kupumua.