Pedi za breki unaweza kubadilisha mwenyewe, ila usiondoke kabla ya kupampu leva

Nilijifunza kusikiliza breki kwenye mteremko wa Kiboswa kushuka Mamboleo, huku Kisumu. Jioni hiyo nilikuwa nimembeba mama watoto na kigunia cha viazi, na kila nikishika breki ya mbele nasikia chuma kikikwaruza chuma. Nikashuka pole pole kwa gia ya pili hadi chini. Kulipokucha nikafungua kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski. Pedi moja ilikuwa imeisha hadi bati, mwenzake bado ana nyama ya kutosha. Diski ilikuwa na mistari mirefu. Ukipitisha ukucha, unakwama. Pedi ningezinunua kwa pesa kidogo tu, lakini sasa nikalazimika kununua diski pia.

Pikipiki yangu ni ya cc 150, diski mbele, drami nyuma. Ninayosema hapa ni ya diski.

Kwanza, usingoje mlio. Mulika kalipa kwa tochi ya simu uangalie pedi zote mbili. Zikibaki milimita 2 hivi, au ule mfereji uliochorwa katikati ya pedi ukifutika, badilisha. Ukiona moja imeisha na nyingine bado, kama zangu, jua kasoro haiko kwenye pedi. Kalipa ya pistoni moja (pistoni ndiyo inayosukuma pedi) inatakiwa itembee kwenye pini zake, na matope ya msimu wa mvua yakikauka humo inakwama, basi pedi moja inafanya kazi ya mbili. Ukiweka pedi mpya bila kusafisha pini hizo, utarudi dukani baada ya muda mfupi.

Ukienda kununua, hapo Kondele au popote ulipo, nenda na pedi ya zamani mfukoni. Nyingine zinafanana kwa macho, kumbe tundu la pini limesogea kidogo.

Kazi yenyewe ukiizoea haifiki saa moja. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa mahali pa tambarare. Legeza pini za pedi kabla hujang'oa kalipa, maana ikishafunguliwa inacheza mkononi na pini hazitoki. Kisha fungua bolti zake, toa pedi, na uifunge kalipa kwa kamba isining'inie kwenye paipu ya breki. Tangu hapo mtu yeyote asiguse leva ya breki. Watoto wanapenda kuibonyeza, na pedi zikiwa nje pistoni inaweza kuchomoka na mafuta yote kumwagika.

Pistoni itakuwa imetoka nje na imezungukwa na uchafu. Wengi wanaisukuma hivyo hivyo irudi ndani, na hapo ndipo wanapoharibu sili, ule mpira unaozuia mafuta yasivuje. Mimi huchukua mswaki wa zamani na maji ya sabuni, nasugua mpaka chuma king'ae, nafuta kwa kitambaa, ndipo naisukuma kwa vidole gumba viwili, taratibu. Vumbi la pedi usilipulize kwa mdomo. Si kitu cha kuvuta kifuani.

Pistoni inaporudi, mafuta ya breki yanapanda kwenye kikopo cha juu karibu na usukani. Zungushia kitambaa, ufungue kifuniko, uangalie yasifurike. Yakidondoka kwenye tangi mwagia maji mara moja, kwa sababu yanakula rangi. Na ukihitaji kuongeza, soma kifuniko: kikisema DOT 4, ambayo ni aina ya mafuta ya breki, weka DOT 4 kutoka chupa ambayo haijafunguliwa. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na chupa iliyokaa wazi dirishani miezi mingi haifai tena.

Grisi ni kidogo sana, kwenye pini za kalipa tu, na iwe ya kustahimili joto. Alama ya kidole chenye grisi kwenye uso wa pedi inatosha kuharibu breki, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kushika pedi mpya. Kama diski ni ya zamani, itazame yenyewe: wengi huchapa MIN TH, yaani unene wa chini kabisa, na namba ya milimita. Ikiwa nyembamba kuliko hapo, haina kazi tena.

Sasa lile ninalokuomba usisahau. Mara ya kwanza nilifunga kila kitu, nikawasha, nikatoka getini. Nilipofika barabarani nikashika breki ya mbele, leva ikaja hadi kwenye mpini bila kushika chochote. Pistoni ilikuwa bado iko mbali na pedi. Breki ya nyuma ndiyo iliyonisimamisha, gurudumu la mbele likiwa karibu kabisa na mtoto aliyebeba mtungi wa maji. Mpaka leo nikikumbuka uso wake mikono inaniishia nguvu. Pampu leva ukiwa umesimama, injini imezimwa, mara kumi, mara ishirini, mpaka iwe ngumu. Ikibaki laini kama sifongo, kuna hewa ndani. Usitoke nayo, mwite fundi aitoe.

Pedi mpya hazishiki vizuri siku ileile. Zangu nilizizoesha upande wa Ahero, barabara ikiwa tambarare, nikipunguza mwendo kwa upole mara nyingi bila kubana ghafla. Wiki hiyo nzima sikubeba mtu kwenda Kiboswa.