Maswali na majibu: "MF" haimaanishi betri haivuji

Barua za mwezi huu karibu zote ni za betri, na nyingi zimetoka kwa wenye magari ya spoti ambayo betri yake imefichwa kwenye buti. Nimechagua chache. Zile za "gari langu haliwaki, shida ni nini?" nimezitupa kapuni. Andikeni aina ya gari na mwaka, tafadhali. Mimi si mpiga ramli.

*Mzee, mimi nina Mazda Roadster ya 1996. Miezi minane iliyopita nilinunua betri mpya, imeandikwa MF. Juzi nimeinua zulia la buti nikakuta rangi imebanduka na bati limeshika kutu kandokando ya betri. Muuzaji anaapa kwamba MF haivuji. Nani mwongo? — Ntinda*

Muuzaji hajui anachouza, nawe hukumuuliza. MF maana yake ni kwamba hutaongeza maji, basi. Ndani mna tindikali ileile, inachezacheza kama maji kwenye jerikani, na kwenye kifuniko mna vitundu vya kupumulia, kwa sababu betri ya risasi ikichajiwa hutoa haidrojeni na oksijeni. Piga kona kwa nguvu, vuka matuta ya hapo kwenu kwa kasi, na ukungu wa tindikali utapitia hapohapo. Betri ikiwa chini ya boneti, upepo huupeperusha. Kwenye buti ukungu hutua juu ya bati na kuanza kulila polepole, wewe umefunika zulia unasikiliza redio.

Mazda walilijua hilo. Roadster za kizazi cha kwanza na cha pili, yaani za 1989 hadi 2005, zile ambazo nje ya Japani huitwa MX-5, betri yake iko buti. Ya kwanza ilitoka kiwandani na betri ya AGM ya Panasonic. Katika AGM tindikali imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo uliobanwa katikati ya bamba za risasi. Hakuna kinachochezacheza. Hata gamba likipasuka, utakuta unyevu tu, humwagikiwi. Juu yake kuna vali zinazobaki zimefungwa mpaka shinikizo lizidi, na kipira chembamba kinachopeleka gesi nje, chini ya gari.

Sasa gari hilo limefika kwetu likiwa na zaidi ya miaka ishirini. Betri ya kiwandani ilikufa zamani, mtu akatia betri ya kawaida ya saizi ya NS40 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani, na kile kipira akakikata au akakiacha kinaning'inia. Kutu unayoiona huenda si ya miezi minane. Huenda ni ya wenye gari watatu waliokutangulia.

Fanya hivi. Vaa miwani na glavu, toa betri, mwagia bati maji yaliyokorogwa soda ya kuokea (si hamira, si chumvi) mpaka yasitoe povu tena. Suuza, kausha, kwangua kutu yote, paka rangi ya kuzuia kutu. Halafu tafuta AGM ya kuingia pale, na usimsikilize mtu, soma gamba. Betri isiyomwagika hubeba namba UN2800 au neno "NONSPILLABLE". Ikiwa imeandikwa UN2794, hiyo ni ya tindikali ya maji, hata kama kibandiko chake kinang'aa kama sare ya bendi.

*Betri gani ni nzuri kwa gari la spoti? — Wengi, kila mahali*

Nzuri kwa gari lipi? Swali hili nimelijibu kila mwaka tangu nianze ukurasa huu. Angalieni kwanza betri inakaa wapi. Ikikaa buti au ndani ya gari, AGM yenye kipira cha kutolea gesi. Ikikaa chini ya boneti, ya kawaida iliyotengenezwa vizuri inatosha, na pesa iliyobaki nunueni matairi.

*Naweza kutia N70 kwenye Roadster ili iwe na nguvu zaidi? — Masaka*

Haiingii, saizi hiyo ni kubwa mno. Na mafundi wako wakiilazimisha, kichwa chake kitagusa bati, nawe utapata moto badala ya nguvu.

*Nina betri ya jeli ya sola, 100Ah, haina kazi tangu nihame. Haimwagiki. Si itafaa kwenye Celica yangu? — Arua*

Kutomwagika, kweli haimwagiki. Lakini bamba zake ni nene, zimetengenezwa kutoa umeme kidogokidogo usiku kucha, na starta inataka umeme mwingi kwa sekunde mbili. Irudishie taa zake.

*Nikifika Jinja kutoka Kampala ndani ya BMW yangu kunanuka kama yai viza. Mke wangu anasema ni mimi. — Jinja*

Mwombe radhi mke wako kwa kumsumbua pua, kisha usiendeshe gari hilo mpaka upime chaji. Harufu hiyo ni ya betri inayochajiwa kupita kiasi: tindikali inachemka na gesi ya salfa inatoka. BMW yako, kama nyingi za nyumba hiyo, ina betri kwenye buti, kwa hiyo gesi inakuja ulipoketi. Washa injini, weka multimita kwenye vichwa vya betri. Kawaida ni kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikipita 14.8, altaneta au regyuleta yake imekufa, na betri mpya utakayotia itauawa vilevile. Kuna jambo la pili, na hili ndilo baya zaidi. Haidrojeni ikifika asilimia 4 tu hewani inaweza kulipuka. Fungua buti kwanza, acha ipate hewa, usivute sigara, usichomoe waya wakati injini inanguruma.

Nimeona watu wanabadilisha betri tatu kwa mwaka kabla ya kumwambia fundi apime altaneta. Kupima ni dakika moja.

*Nimefungiwa AGM mpya, saizi sawasawa, kwenye Z4 ya 2010, lakini gari bado linalalamika betri na baadhi ya vitu vinazimika. Fundi anasema betri ni feki. — Mbarara*

Labda feki ni fundi. BMW nyingi kuanzia vizazi vya E60 na E90, na Z4 yako ni rika lao, kompyuta yake hutunza historia ya betri na kupanga chaji kulingana na umri wake. Ukitia mpya bila kuisajili kwenye kompyuta, gari bado linailisha kama kikongwe. Mtafute mwenye mashine ya kusajili. Z4 ya kwanza, ile ya kabla ya 2009, haihitaji jambo hili, na ndiyo sababu fundi wako hajawahi kulisikia.

*Nimeletewa AGM iliyotumika kutoka Japani, nusu bei. Muuzaji anasema imetembea kilomita chache. — Kampala*

Betri haizeeki kwa kilomita, huzeeka kwa miaka, kwa joto na kwa kuachwa tupu. Iliyokaa tupu wiki kadhaa melini na bandarini, salfeti huganda kwenye bamba zake na mara nyingi hairudi tena. Ukitaka kuamini, ichaji ijae, iache usiku mzima bila kuunganishwa na kitu, ipime asubuhi: AGM nzima huonyesha karibu volti 12.8. Ikionyesha chini ya 12.4, mrudishie. Kisha washa gari ukiwa na multimita mkononi, na ikishuka chini ya 9.6 wakati starta inazunguka, umeona mwenyewe.

Hapo ndipo watu wananiletea dawa yao ya kufufua. Nimeshika kwa mikono yangu AGM iliyotobolewa vifuniko, ikadungwa tindikali kwa sindano, ikazibwa kwa gundi. Sasa haikuwa AGM tena. Ilikuwa betri ya maji yenye jina la uongo, na ilipowekwa kwenye buti ikavuja siku ya tatu. Tindikali iliyomwagwa kwenye mtaro ili "kusafisha" ile ya zamani nayo inakwenda kisimani na bustanini, pamoja na risasi. Watoto wanaocheza pale hawajui betri ni nini.

*Ninafuata Pearl of Africa Rally na nimeanza kuandaa gari langu la mashindano. Niende litiamu ili nipunguze uzito? Si haina tindikali kabisa? — Entebbe*

Haina, kwa hiyo haivuji tindikali. Lakini haivumilii chaji mbovu. Litiamu ya gari, yaani LiFePO4, haitaki kupita takriban volti 14.6, na kinga iliyo ndani yake ikikata ghafla injini ikiwa juu, umeme wa altaneta utaruka na kuchoma vitu vya bei. Rekebisha chaji ya gari kwanza. Kabla ya hapo, fikiria AGM ndogo kama Odyssey PC680: ina karibu kilo 7, na ukiilaza ubavuni haitoi kitu. Ina takriban 16Ah tu, kwa hiyo ukisahau taa zinawaka wakati wa chakula, utasukuma. Na ifunge kwa chuma na boliti. Kamba ya mpira wa tairi si kifungo cha betri, hasa kwenye barabara ya murram.

*Waya upi nitoe kwanza? — Gulu*

Hasi kwanza. Ukirudisha, hasi mwisho.

*Nimepata AGM, lakini kipira cha gesi hakipo. Nitakinunua wapi? — Ntinda, tena*

Ulipotoa ile MF, ulitazama upande wa kifuniko chake? Huenda ilikuwa na kipembe cha plastiki cha kuchomeka kipira, na huenda bado kipo mkononi mwa yule aliyeinunua kwa kilo. Mpigie leo, kabla hajaipeleka kwa wayeyusha risasi. Kipira chenyewe ni cha kawaida, soko la vipuri la Kisekka watakukatia kwa urefu unaotaka. Kipembe ndicho kigumu.