Kanuni ya theluthi isubiri, kwanza mwanga

Anayeanzisha klabu ya picha sekondari mara nyingi huanza na kanuni ya theluthi: igawe picha sehemu tatu sawa kwa mistari miwili ya kusimama na miwili ya kulala, kisha weka unachopiga pale mistari inapokutana. Inapendwa kwa sababu ni rahisi kuichora ubaoni. Mimi nafundisha picha wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne hapa Bagamoyo, na ushauri wangu kwa mwalimu mwenzangu ni kwamba theluthi isubiri mwezi wa pili wa klabu. Mwezi wa kwanza wote uwe wa mwanga.

Jua letu ndilo linalonilazimisha. Tuko kama digrii 6 tu kusini mwa ikweta, na ikifika saa 6 mchana jua liko karibu na utosi. Macho ya mtu yanakuwa mashimo meusi, pua inaangusha kivuli mdomoni. Hapo mwanafunzi hata apange picha vipi, uso haupo.

Sasa ongeza shati jeupe la shule na ukuta wa chokaa. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba kilicho mbele yake, kikichanganywa chote, kinatoa kijivu cha wastani. Ikikutana na weupe mwingi inahisi mwanga umezidi, inaupunguza. Shati linatoka safi, mwenye shati anatoka kama kivuli chake. Darasa litacheka, na yule mweusi kuliko wenzake ndiye atakayetaniwa. Usiipite hiyo nafasi. Simamisha somo uwaeleze kipimo kinavyofanya kazi, na uwaambie pia kwamba kampuni ya Kodak ya Marekani kwa miaka mingi ilisawazisha rangi za picha kwa kadi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Kijana akishajua hivyo haoni tena haya kupigwa picha.

Dawa yenyewe ni fupi. Gusa uso kwenye kioo cha simu, alama ya jua ikitokea ivute juu kidogo mpaka ngozi ionekane, hata kama ukuta utapauka. Bora zaidi, mtoe mtu juani. Nyumba za zamani za mjini zina baraza, na kivuli cha barazani ndiyo studio ya bure: juu kumefunikwa, mbele mwanga unarudi kutoka mchangani na kwenye ukuta wa jirani. Mwanafunzi mmoja akae, wengine wamzunguke polepole wakitazama tu jinsi shavu linavyobadilika. Wasipige chochote. Watalalamika, waache walalamike.

Kuna pia darasa la giza. Ziba madirisha kwa maboksi na makhanga mazito, acha tundu moja la ukubwa wa sarafu upande wenye jua, ngoja macho yazoee. Ukutani utaonekana uwanja wa shule umepinduka, minazi vichwa chini, watu wakitembea darini. Ibn al-Haytham, mwanasayansi mzaliwa wa Basra, Iraq, alichunguza jambo hili katika karne ya 11, miaka mia nane kabla ya kamera kuuzwa. Mwalimu wa Fizikia atakushukuru.

Simu? Shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuwa nayo, na sioni kama ni hasara kubwa mwanzoni. Kila mmoja akate kadibodi ya boksi la sabuni, atoboe dirisha la sentimita 9 kwa 6. Afumbe jicho moja. Akiiweka kadibodi karibu na jicho ataona eneo pana, akinyoosha mkono ataona dogo, na hapo ameshaelewa kuvuta picha na kuirudisha bila kugusa lenzi. Swali langu katika zoezi hili ni moja: umeacha nini nje? Kupanga picha kwa sehemu kubwa ni kupunguza. Nenda nao Kaole, kwenye magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo ndefu, uone ni wangapi watamsimamisha rafiki yao nguzo ikimwota kichwani. Hatua moja pembeni inatosha, lakini lazima wajifunze kukagua nyuma ya mtu kabla ya kumkagua mtu mwenyewe.

Milango ya nakshi nimeipiga marufuku kwa muda. Najua wageni wanaifuata, na ni mizuri kweli, lakini uzuri ule ni wa fundi aliyeuchonga. Mwanafunzi akiupiga ana kwa ana hajaongeza kitu. Theluthi ikishafundishwa, mlango urudi ukiwa na mtu kizingitini.

Jambo jingine la hapa kwetu: usimtume mtu kutafuta jua likizama baharini. Bahari yetu iko mashariki. Jua linachomoza majini na kuzama nyuma ya minazi. Asubuhi ngalawa zitatoka kama vivuli vyeusi juu ya maji yanayong'aa. Jioni mwanga unatoka nchi kavu nyuma ya mgongo wako, na rangi za mbao na matanga zinawaka. Pigeni chombo kilekile nyakati zote mbili, kisha wekeni picha pamoja.

Soko la samaki liachwe mpaka wawe na adabu ya kamera. Wavuvi na akina mama wanaokaanga samaki wamechoshwa na lenzi za watalii. Kamera ishushwe, salamu itangulie: "Shikamoo baba, tunajifunza kupiga picha, tunaomba tupige mikono yako ukishona nyavu." Akikataa, asante na mnaondoka, hakuna kubembeleza. Wanaoswali na wafiwa hawaombwi kabisa.

Siku ya kukosoa picha, neno "nzuri" lisitumike, wala "mbaya". Mtazamaji aseme jicho lake lilianzia wapi, likaenda wapi, likakwama wapi. Mpigaji anyamaze mpaka wote wamalize. Hili ni gumu kuliko somo lolote la mwanga, hasa kwa wavulana.

Mwishoni mwa muhula changeni mkasafishe picha chache. Kwenye karatasi giza lililojificha kwenye kioo cha simu linafichuka, na mtajua kama nyuso mlizipa mwanga wa kutosha. Mnapozituma studio kwa WhatsApp tumeni kama faili, kwa sababu zikitumwa kama picha za kawaida zinabanwa na kupoteza ubora.