Pikapu ina difu ya LSD kweli?

Wa alaykum salaam, mdogo wangu. Umeuliza utajuaje kama pikapu unayotaka kuinunua hapo Wete ina difu ya LSD, kama anavyodai muuzaji. Difu ni ile gia ya ekseli ya nyuma inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili; ya LSD huzuia gurudumu moja lisizunguke bure peke yake likiteleza. Usitoe pesa kabla hujaipiga jeki.

Iegeshe pahala palipo sawa, tia mawe kwenye matairi ya mbele, inyanyue nyuma yote na uikalishe juu ya stendi. Jeki peke yake usiiamini. Gia iwe nyutro, handbreki umeiachia. Zungusha gurudumu moja kwa mkono. La pili likienda kinyume, mara nyingi hiyo ni difu ya kawaida. Likifuata upande uleule, LSD ipo, au kuna fundi aliyeichomelea difu, gia zake zikashikana moja kwa moja; hiyo utaijua kwenye kona, tairi la ndani litaburura na kulia.

Hapa ndipo watu huponzeka: LSD iliyolika sahani zake, zile za ndani zinazobana, nayo huzungusha gurudumu la pili kinyume. Basi ingia chini, futa tope karibu na nati ya kutilia oili. Nyingi zina kibati au kibandiko kinachotaka oili ya LSD tu.

Kwa udongo mwekundu wa Pemba wakati wa masika, na magunia ya karafuu nyuma, mimi ningeichukua hata iliyolika, ila bei ishuke.