Kijana ana kibali cha miaka mitatu: nikaha isomwe kwa simu?

SWALI: Binti yangu, assalaam alaykum. Mwanangu amemaliza diploma ya miaka miwili Halifax, Kanada, akapewa kibali cha kazi cha miaka mitatu. Hapa Langoni keshaitwa Mkanada. Amechumbia Malindi, na wakwe wanataka nikaha isomwe kwa simu mwezi ujao, kwa kuwa "karatasi keshapata". Kazi yake ni keshia mkahawani. Niwajibu nini? – Mzee wa Langoni, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam, baba. Baraza za Langoni hutoa uraia haraka kuliko Ottawa. Alichopata kijana ni ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo. Hutolewa mara moja tu, na kwa kawaida haiongezwi.

Ukaazi wa kudumu huombwa kivyake. Wengi hupitia njia ya waliokwisha fanya kazi ya ujuzi huko: saa 1,560, yaani saa 30 kwa wiki mwaka mzima. Ukeshia haumo. Akae kaunta miaka yote mitatu, njia hiyo haimhesabii hata saa moja; na za kibarua cha wakati wa masomo nazo hazimo. Mpishi yumo, msimamizi wa mkahawa yumo. Mtoto wa Lamu hashindwi na jiko! Lakini apike kweli, maana barua ya mwajiri hutaja majukumu, saa na mshahara. Halafu kuna mtihani wa lugha, na kusubiri kualikwa kuomba, kwa kadiri ya pointi zake. Majimbo nayo yana mipango yake.

Linalonitia hofu ni hiyo nikaha. Uhamiaji wa Kanada haukubali ndoa ya simu. Wanaooana wote wawili wawepo pale pale inapofungwa. Nasi tumezoea bibi harusi kubaki ndani, walii akaenda msikitini. Basi mwombeni kadhi mapema aisomee nyumbani, bibi harusi akiwepo.

Na akishaoa, amwandike mkewe kwenye maombi ya ukaazi, hata kama harusi bado na mke yuko kwao Malindi. Akimficha, huenda asiweze kumdhamini baadaye.

Kwa hiyo wakwe wangoje aje mwenyewe. Nauli ni ghali, najua. Ila kabla hajakata tiketi aangalie viza yake ya kuingia Kanada kama bado hai, kwa sababu kibali cha kazi peke yake hakimrudishi.