Sita na moja zilipobadilishana viti

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kazi yangu ni kuingiza namba za vitabu kwenye kompyuta ya maktaba. Juzi niliandika 9780306408157, ikakataa papo hapo. Kumbe nilibonyeza 8 mahali pa 6. Nikarudia haraka, nikaandika 9780306401657, ikapokea bila neno. Jioni natazama jalada, namba ni 9780306406157! Kosa la kwanza ililijuaje, na la pili lilipitaje?
Mkutubi msaidizi

JIBU: Marahaba. Kabla ya kushika chaki niliwahi kuingiza takwimu usiku kucha, kwa hiyo vidole vyako navielewa. Kukosea tarakimu moja ni uchovu. Kubadilisha nafasi za mbili zilizo jirani ni haraka, na hiyo ndiyo iliyonitesa zaidi.

Kompyuta haikijui kitabu chako. Inachojua ni hesabu. Tarakimu ya mwisho, hiyo 7, si sehemu ya jina la kitabu. Ni askari wa mlangoni, nasi humwita tarakimu ya uhakiki. Chukua zile 12 za mwanzo: ya kwanza izidishe kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, uendelee hivyo. Jumlisha. Namba sahihi inatoa 93. Ili kufika 100, namba inayofuata inayogawanyika kwa 10, zinahitajika 7, basi 7 ikaandikwa mwishoni. Ulipoweka 8, jumla ikawa 99, na askari alitakiwa awe 1. Akakukatalia. Kosa la tarakimu moja halimpiti kamwe.

Sasa kosa la pili. Zile 6 na 1 zilikuwa zikichangia 18 na 1, yaani 19. Zilipobadilishana zikachangia 3 na 6, yaani 9. Jumla ikashuka kutoka 93 hadi 83, na 83 nayo inataka 7 kufika 90. Askari akaona sare ileile, akafungua. Hutokea pale tu ambapo majirani wawili wametofautiana kwa 5. (Ukibadilisha nafasi za tarakimu mbili zenye nyingine moja katikati, haoni kabisa, maana zote zinazidishwa kwa namba ileile.)

Kinachoniudhi ni kwamba namba za zamani, za tarakimu 10, zingekunasa. Jumla yake ilitakiwa igawanyike kwa 11 badala ya 10, ndiyo maana nyingine ziliishia na X, iliyosimama badala ya 10. Mwaka 2007 vitabu vilihamia tarakimu 13 ili vifuate mfumo wa mistari myeusi ya bidhaa. Urahisi ulipatikana, ukali ukapungua. Kadi za benki nazo hutumia hesabu ya Hans Peter Luhn wa kampuni ya kompyuta ya IBM, aliyeiombea hataza mwaka 1954. Hesabu hiyo hunasa majirani wote waliobadilishana isipokuwa 09 na 90. Mholanzi Jacobus Verhoeff aliziba hata tundu hilo mwaka 1969, ila hesabu yake huwezi kuifanya kichwani ukiwa kaunta.

Kwako wewe: ukiona 0 na 5, 1 na 6, 2 na 7, 3 na 8, au 4 na 9 zimekaa ubavu kwa ubavu, soma mara ya pili kabla hujabonyeza. Katika namba yako yote jozi ya namna hiyo ilikuwa moja tu, nawe ukaigonga.