Kijana wa miaka 18 na bima ya gari la nyumbani

Dada wa Masasi kauliza: kijana wake kamaliza kidato cha sita, ana miaka 18, leseni keshapata, sasa anaililia Toyota IST ya nyumbani. Je, bima ya mama inamhusu, na bei itapanda? Mimi nipo Mtwara mjini, na binti yangu alianza kuendesha gari langu akiwa na umri huohuo, kwa hiyo nasema niliyopitia.

Bei isikunyime usingizi. Wanaotishia kwamba kijana atakupandishia bima mara mbili wanasoma mambo ya Marekani, ambako mtoto wa miaka 16 anaendesha na kampuni inakokotoa umri wake, hadi alama zake za shule. Kwetu gari dogo la binafsi hupigiwa hesabu kwa aina ya bima na thamani ya gari. Bima ndogo, ile inayomlipa uliyemgonga tu, niliilipa shilingi 118,000 na VAT ndani. Nilipohamia bima kubwa, inayolipia na gari lako mwenyewe, ilikuwa asilimia 3.5 ya thamani: gari la milioni 12 linatoa 420,000, ongeza VAT ya asilimia 18, inafika 495,600. Umri wa binti haukuulizwa hata kidogo wakati wa kulipa.

Unaulizwa siku ya ajali, dada. Hapo ndipo penye kazi.

Wakala wangu alinipa stika na kunitakia safari njema. Nikamwambia nataka na kile kitabu cha masharti. Alishangaa, nadhani hakuna anayemwomba, lakini alikileta. Mle ndani kuna sehemu mbili za kusoma kwa kidole. Ya kwanza ni nani anaruhusiwa kuendesha: wengine wanaandika yeyote mwenye leseni halali na idhini ya mwenye gari, wengine wanataka majina. Ya pili ni eksesi, yaani kiasi unachobeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa chake. Kwangu dereva kijana au mwenye leseni changa alikuwa na eksesi ya ziada, juu ya ile ya kawaida. Kampuni haimkatai mtoto, ila mzigo unarudi kwako. Nilimwandikia wakala barua yenye jina la binti na nakala ya leseni yake, nikabaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Muhuri ule ulisaidia. Binti aligusana na bodaboda pale Mikindani, yule kijana wa boda akachubuka mguu. Tulipiga simu trafiki, majeruhi akapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, akatibiwa, nasi tukapeleka kwa kampuni ya bima ripoti ya polisi, fomu ya madai, kadi ya gari na leseni. Swali la kwanza mezani: nani alikuwa anaendesha? Nikatoa barua. Walilipa, wakakata eksesi zote mbili, na taa na bampa langu lilitengenezwa kwa sababu nilikuwa na bima kubwa. Kwa bima ndogo angehudumiwa wa boda peke yake, gari ningelitengeneza kwa mfuko wangu.

Ndiyo maana kwa dereva mpya mimi nashauri bima kubwa angalau mwaka wa kwanza, hasa kwako Masasi. Barabara ya kushuka Mtwara msimu wa korosho ina malori usiku na mchana, na kijana akikosea kidogo ku-overtake hapati nafasi ya kurudi. Kama gari ni la zamani na thamani yake imeshuka sana, hapo bima ndogo inaeleweka.

Jambo jingine ambalo vijana hawasemi nyumbani: abiria. Akitoka huko akafika Mnazi Mmoja, pale njia panda ya Lindi na Mtwara, akaona watu wanasubiri gari, atapakia ili apate ya mafuta. Bima ya gari binafsi haihusiki na kubeba watu kwa malipo, na kampuni ikigundua utaambiwa umevunja masharti. Mwambie waziwazi kabla hujampa funguo.

Stika yenyewe ihakiki kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima, kwa namba ya gari. Inachukua dakika moja kwa simu, na wakala mkweli hatachukia.

Yule mdogo wake wa miaka 16 uliyemtaja mwishoni mwa swali lako, hata uani asiliwashe. Leseni ya gari ni kuanzia miaka 18, na dereva asiye na leseni kampuni haina mjadala naye.